Ua la Sebuleni na Mbuzi wa Shibuda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Agripina alifagia sebule, akafungua dirisha na kulimwagilia maji kidogo ua aliloliacha marehemu mama yake. Lilikuwa na majani mekundu yenye kingo za kijani. Lilikaa ndani ya kopo la rangi karibu na dirisha, penye mwanga lakini jua kali halifiki. Baba yake, Idefonsi, mkulima wa migomba pale Kasulo, hakuwa mtu wa maua. Ua hilo tu ndilo alilolijali.

Ikafika siku ua likadumaa. Agripina akawaza: mgomba ukidumaa, baba huutilia samadi. Basi akaenda kwenye zizi la ng'ombe na mbuzi la jirani yao, mzee Shibuda, mfugaji Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga. Akachota samadi mbichi, akaijaza koponi, akaifunika kwa majani makavu ya mgomba kama shambani.

Majani ya ua yakaungua, yakajikunja. Agripina akaogopa. Akayanyofoa, akayatupa chooni.

Idefonsi aliporudi kutoka Lusahunga kuuza ndizi, alisimama mbele ya kopo.

“Limekuwaje?”

“Mbuzi wa mzee Shibuda aliingia, baba.”

Idefonsi hakuuliza mara ya pili. “Nilijua. Mifugo inazurura, mwenyekiti wa kitongoji anatazama tu. Huyo ukimwona mlangoni kwako, ujue anataka kura.” Akatoka, akamkamata mbuzi wa Shibuda aliyekuwa akila kando ya njia, akamfunga kwenye nguzo. “Kesho tunampeleka kwa mtendaji wa kijiji.”

Jioni Shibuda akabisha hodi.

“Shikamoo, mzee,” Agripina alisema, macho chini.

“Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mbuzi wangu ana kesi. Ameiba au amepigana?”

Idefonsi hakucheka. Akamwonyesha kopo. Shibuda akainama, akafunua majani makavu.

“Kumbe mbuzi wangu ni bwana shamba. Amekula ua, akalitilia samadi ya ng'ombe, kisha akaifunika vizuri.”

“Usinidhihaki, Shibuda. Mtoto wangu hasemi uongo.”

Maneno hayo yalimchoma Agripina kuliko fimbo. Angenyamaza, mbuzi angepelekwa ofisini, na wazee hawa wasingesalimiana tena.

“Ni mimi, baba,” alisema. “Samadi niliweka mimi. Mbuzi hakuingia.”

Idefonsi akatoka, akamfungua mbuzi. “Jirani, unisamehe. Nilisikia nilichotaka kusikia.”

“Yameisha,” Shibuda alisema. “Ila wewe binti, samadi mbichi ina moto, inaunguza mizizi. Iache kwanza ioze mpaka iwe kama udongo.”

Idefonsi akakata kijitawi kilichokuwa bado kibichi, akakitia kwenye glasi ya maji. Kilipotoa mizizi, Agripina alilitoboa kopo jingine chini ili maji yasituame, akatia udongo mpya, akakipanda. Baba yake alisimama nyuma yake, akitazama.

“Mwenyekiti akinidanganya, nasema mpaka sauti inakauka,” alisema. “Siku ile uongo ulitoka sebuleni kwangu, na mimi nikaubeba mpaka kwenye shingo ya mbuzi wa watu. Sasa nimlaumu nani? Ukiharibu kitu, mwanangu, sema mapema. Ua tumelipata kwa sababu tawi moja lilikuwa bado bichi. Ujirani ukikauka wote, hatuna pa kukata.”