Mpaka Mwenzako Apokee

Jirani yetu mmoja, dereva wa bodaboda ambaye wembamba ulimpa jina la Njiti, alikwenda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza akipiga miayo. Aliyemburuta ni shemeji yake, mwenyekiti wa kijiwe chao. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, madirisha ya ukumbi wa shule wazi, madereva wakitaniana. Mwalimu wao alikuwa nesi wa makamo asiye na mchezo.

"Aliyeanguka na pikipiki usimvue helmeti ovyo, wala usimbebe mzegamzega. Shika kichwa kwa mikono miwili, kisitikisike. Ukishashika, huachii mpaka mwenzako apokee. Haya, wawili wawili!"

Njiti akakosa mwenza. Alipogeuka, akakuta mtu keshajilaza chali miguuni pake, helmeti kichwani, kioo cheusi kimeshushwa. Koti lake la mvua lilikuwa limelowa chapachapa.

"Bwana wee, umeigiza mpaka mvua?" Njiti akacheka.



Akaufunga mguu wa yule mtu kwa bandeji, mafundo yakakaa vizuri. Kisha akapiga magoti, akakishika kichwa. Baridi ikampanda mpaka kwenye viwiko.

"Nesi, hebu mwangalie huyu wangu."

Nesi akaja, akaingiza vidole shingoni kutafuta mapigo. Akahamia upande wa pili. Uso ukambadilika.

"Umekuja naye?" alinong'ona.

Shemeji akasogea kuchungulia. Alipoliona koti, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu tulimzika," alisema kwa sauti ndogo. "Msimu wa mvua uliopita. Alianguka pale konani. Alituomba tumlaze chini, sisi tukaona anaweweseka. Tukambeba mzegamzega, tukamtupia nyuma ya gari, shingo inaning'inia. Hakufika hospitali."

Waliosikia walikimbilia mlangoni. Viti vikaanguka. Njiti naye akataka kuchomoa mikono.

"Usiachie."

Sauti ilitoka ndani ya helmeti. Nzito. Kama ya mtu mwenye maji mdomoni.

"Wale waliniachia."

Njiti hakuachia. Jasho likamwingia machoni. Akakumbuka kwamba majeruhi huongeleshwa.

"Nipo, kaka. Msaada unakuja."

Msaada gani, mwenyewe hakujua. Kichwa kilizidi kuwa kizito. Vidole vikafa ganzi. Akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa ameshaufikia mlango.

"Shemeji," alinong'ona. "Njoo upokee. Nakuomba."

Mwenyekiti alisimama pale akilia bila sauti. Kisha akarudi. Polepole. Akapiga magoti, akapitisha mikono yake chini ya ile ya Njiti.

"Nimepokea," alisema. "Nimekushika, ndugu yangu. Tusamehe."

Ndani ya helmeti mtu akashusha pumzi ndefu. Mara mikono ya shemeji ikakutana, kiganja kwa kiganja. Hapakuwa na kichwa. Hapakuwa na helmeti wala koti. Sakafu ilikuwa kavu.

Shemeji hajapanda pikipiki tena. Njiti bado yupo kijiweni, ila utani umempungua.

Siku ile, nesi ndiye aliyebaki kukusanya vifaa. Ile bandeji ilikuwa bado sakafuni, mafundo hayajafunguliwa, imetuna kama ina mguu ndani. Akaibonyeza kwa kidole.

Haikubonyea. Na ilikuwa na joto.