Kamera za Uani kwa Mzee Manubhai

Kila asubuhi ya likizo, Husna alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akakaa barazani kumsubiri baba yake amalize chai. Baba yake, Fundi Mdoe, alifunga kamera za ulinzi katika nyumba na maduka ya mjini Korogwe, na likizo zote zilizopita Husna ndiye aliyembebea begi la vifaa. Alijua kushika ngazi isiyumbe. Alijua jina la kila kifaa. Wateja walimwita "fundi mdogo", naye alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Binamu yake Mwantumu alikuja kutoka Misima kuishi nao, wasome pamoja darasa la sita. Mwantumu alikuwa na mikono myepesi. Siku ya kwanza tu alipoonyeshwa namna ya kubana vichwa vya waya, alibana sita bila kuharibu hata kimoja.

"Huyu kazaliwa fundi!" Baba akasema mbele za watu, akampa koleo lake alishike.

Koleo lile Husna hakuwahi kupewa. Tangu siku hiyo roho ilimuuma. Mwantumu akicheka, Husna aliona anachekwa yeye. Mwantumu akila haraka, mlafi. Akila polepole, anaringa. Hata shikamoo zake kwa majirani zilimkera. Hicho kilikuwa kijicho, wala tusikitafutie jina jingine.

Asubuhi moja Baba aliwaita wote wawili. "Leo tunakwenda kwa Mzee Manubhai. Zile kamera nne nilizomfungia zinaangalia duka na geti la mbele. Sasa mkwewe, dada Priya, anataka tuongeze mbili uani."

"Kwani wameibiwa, mjomba?" Mwantumu akauliza.

"Hapana. Mzee amekuwa msahaulifu sana. Anafungua mlango wa uani, anaondoka, halafu hakumbuki njia ya kurudi. Dada Priya yuko dukani kutwa, anataka amwone mzee kwenye simu." Baba akasimama. "Mwantumu, weka begini ile adapta ya umeme ya ampea kumi. Ya zamani iliyoko kwake ni ya ampea tano, haiwezi kubeba kamera sita."

Kabatini mlikuwa na adapta mbili nyeusi zilizofanana kama mapacha. Namba zake zilikuwa chini, kwa maandishi madogo. Mwantumu alichukua iliyokuwa karibu, akaitumbukiza begini. Husna, aliyekuwa amechuchumaa pale pale akifunga viatu, aliyaona maandishi yale. Ampea tano.

Husna alijua maana yake. Baba alimfundisha mwaka jana kwamba mchana kamera hula umeme kidogo, lakini giza likiingia huwasha taa zake za kuonea na kula umeme mwingi zaidi. Neno moja tu lingetosha. Lilimfika ulimini, akalimeza. "Si kazaliwa fundi?" alijisemea moyoni. "Atajua mwenyewe."

Kwa Mzee Manubhai kazi ilikwenda vizuri. Baba alipanda ngazi, Mwantumu akapitisha waya, na Husna akashika ngazi huku amenuna. Saa sita ilipita, na Baba alikuwa na mteja mwingine aliyekuwa akimpigia simu kila mara.

"Mwantumu, toa ile adapta ya zamani, chomeka mpya!" akaita kutoka juu.

Mwantumu akachomeka. Picha sita zikatokea kwenye televisheni, uani kote kukaonekana mpaka kwenye kamba ya nguo. Baba akafurahi, akafunga begi bila kuigeuza ile adapta kuitazama. Husna pia alifurahi, lakini kwa sababu yake mwenyewe.

Kesho yake alfajiri, Priya alikuja kugonga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, umenifungia nini? Jana magharibi nafungua simu, giza tupu, kamera zote sita! Nikadhani ni mtandao. Nafika nyumbani, mlango wa uani uko wazi, mzee hayupo!"

"Mungu wangu! Amepatikana?"

"Tumemkuta ameanguka mtaroni, nyuma ya soko. Mkono umevunjika."

Baba aliondoka naye bila hata kunywa chai. Aliporudi, alikuwa na adapta mkononi. Akaiweka mezani, maandishi juu.

"Mwantumu, nilikwambia uchukue ipi?"

"Nilidhani ndiyo hiyo, mjomba," Mwantumu akajibu.

"Ulidhani! Mzee wa watu kavunjika mkono kwa kudhani kwako. Funga vitu vyako. Jumamosi nakurudisha Misima kwa mama yako."

Husna alipata alichokitamani miezi yote ile. Ajabu ni kwamba hakikuwa kitamu. Alimfuata Mwantumu chumbani, akamkuta anakunja sare za shule.

"Ningekuuliza wewe," Mwantumu alisema, akifuta machozi kwa mkono wa gauni. "Wewe unaijua kazi hii tangu zamani. Mjomba akinisifu, mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa naangalia unavyofanya wewe, ndipo na mimi nafanya. Lakini ulikuwa umenuna, nikashindwa kukuuliza."

Husna alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akatoka, akaenda kusimama mbele ya baba yake.

"Baba, mimi niliiona."

"Uliona nini?"

"Namba. Niliona ameweka ya tano. Nikanyamaza."

Baba alimtazama kana kwamba hamfahamu. "Kwa nini, Husna?"

"Kwa sababu ulimpa koleo."

Baba hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Husna kuliko kelele zote. Alichukua adapta ya ampea kumi, akasema, "Vaa viatu. Utakwenda kumwambia mwenyewe dada Priya."

Walipofika kwa Mzee Manubhai, Husna alisema yote mbele ya Priya, bila kuficha kitu. "Usingejua, nisingekulaumu," Priya akasema. "Lakini ulijua."

Mzee Manubhai alikuwa kitini, mkono umefungwa plasta. Hakukumbuka mtaro wala giza. Alimwona Husna analia, akamwambia taratibu, "Usilie, binti. Nani amekuumiza?"

Baba alipomaliza kubadili adapta, Husna aliomba ruhusa ya kuja kila jioni kukaa na mzee mpaka plasta itakapotolewa. Priya alifikiri kidogo, akakubali.

Njiani kurudi, Baba alikuwa wa kwanza kusema. "Mwantumu haendi popote. Nitamwomba radhi. Na mimi nina kosa: nilimsifu mmoja nikamsahau mwingine, tena nilifunga kazi bila kukagua. Nitajirekebisha."

"Na mimi, Baba?"

"Kosa la Mwantumu ni la kutojua, na asiyejua hufundishwa. Wewe ulijua, ukaacha kijicho kikufunge mdomo. Ukimwona mwenzio anakosea, mwambie, hata kama roho inakuuma." Baba akasimama, akamshika bega. "Ulitaka aanguke Mwantumu, akaanguka mzee wa watu. Wivu hauna shabaha, mwanangu."