Video ya Mama Véronique

Kila siku baada ya shule, Nadine alivua sare, akala muhogo, kisha akaketi mbele ya mashine ya baba yake. Baba huyo, Fidèle, alikuwa fundi wa simu katika soko la Kasongo. Nyumbani alikuwa ametengeneza ghala la picha kwa kompyuta kuukuu iliyotumia betri ya sola, na majirani walileta humo picha za ubatizo, za harusi na za marehemu wao.

Mashine hiyo ilikuwa na tabia yake. Ilipowashwa, mfumo wake wa kuiendesha, Linux, ulisomwa kutoka kwenye flashi na kuhamia wote kwenye memori, huku diski mbili kubwa zikilala ili zisimalize betri. Kitu kilichowekwa kwenye memori kilionekana vizuri kabisa, lakini mashine ikizimwa kilipotea. Ili kibaki, ilibidi kuamsha diski, kusubiri dakika mbili, kisha kukinakili, yaani kukiandika humo. Nadine aliyajua hayo yote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alijivuna darasani kwamba anajua mashine kuliko mwalimu.

Jumatatu, rafiki yake Consolée alikuja na simu. Ndani yake kulikuwa na video moja tu ya mama yake, Véronique, akiimba na kucheka huku anatwanga sombe, majani ya muhogo. Véronique alikuwa amefariki mwezi uliopita. Familia ilitaka kuionyesha Jumamosi, siku ya kuondoa matanga, na Consolée alihitaji nafasi kwenye simu ili arekodi mazoezi ya kwaya.

Nadine alikuwa na haraka, kwani wenzake walimngoja uwanjani kucheza nzango, mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu. Dakika mbili zilimshinda! Aliiweka video kwenye memori, akaifungua, na Mama Véronique akacheka kwenye kioo.

"Unaona? Iko. Futa ile ya ku simu," alisema.

"Iko ku diski kweli?"

"Mi nakwambia iko! Unaniona mujinga?"

Consolée akafuta. Jioni Fidèle aliuliza kama video imeandikwa kwenye diski. Nadine akajibu ndiyo, na mashine ikazimwa.

Jumanne mchana Nadine aliwasha mashine, na video haikuwepo. Baba yake alikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini Nadine hakumwambia siku ile, wala zile zilizofuata. Consolée alipoomba kumwona mama yake kwenye video, Nadine alimfukuza.

"Usinisumbue. Utaona Jumamosi."

Jumamosi asubuhi Consolée alikuja na bibi yake, Anastasie. Fidèle aliamsha diski ya kwanza, kisha ya pili. Hakuna kitu. Akamgeukia binti yake.

"Uliandika?"

"Umeme ulikatika, papa..."

"Mashine tunaizima kila siku! Uliandika?"

"Hapana."

Fidèle alitoa kadi ya kuhifadhia video katika simu ya Consolée, akahangaika saa nzima kuifufua ile iliyofutwa. Mwishowe akairudisha kadi.

"Jumanne ningeipata," alisema. "Kitu kilichofutwa kinabaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Lakini mutoto huyu amerekodi kwaya siku ine."

Consolée alimtazama Nadine. "Nilianza kusahau sauti ya mama. Ndiyo maana nilikuwa naiangalia kila siku."

"Huyu asikuje ku matanga yetu," Bibi Anastasie alisema.

"Atakuja, mama," Fidèle alijibu. "Atasema mwenyewe mbele ya watu."

Kwenye matanga Nadine alisema yote. Kitambaa cheupe kilichotundikwa kwa ajili ya video kilikuwa kitupu nyuma yake. Watu wote, hata wanakwaya, walimwangalia mpaka akamaliza.

Njiani kurudi Fidèle alisema, "Uvivu wa Jumatatu ulikuwa na dawa. Uongo wako ndio ulimaliza dawa. Ukikosea, sema siku ileile, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Na kuanzia leo, hakuna mutu kufuta kitu chake mpaka tuzime mashine, tuiwashe, na tukione tena kwa macho."

Nadine alilia. "Papa, Consolée atanisamehe?"

"Sijui," Fidèle alisema. "Angekuwa mama yangu kwenye video ile, mimi nisingekusamehe."