Khalayi Aliyekaa Nyuma ya Shuka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Khalayi alichota maji chemchemini mara mbili. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kupikia na ya pili ya kufulia. Aliibeba kichwani na kuishika kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ndio alioutumia kwa kila kitu: kufagia, kuandika, kurusha mawe, hata kula. Kwao nyumbani hakuna aliyejali. Lakini Khalayi hakuwa kwao tena.

Mwaka ule, mwaka wa kwanza wa uhuru, baba na mama yake walipata shamba Lugari, katika ardhi iliyokuwa ya Wazungu. Walipanda lori pamoja na ng'ombe mmoja, majembe matatu na mdogo wake Khalayi, Barnaba. Huko Lugari shule ilikuwa bado haijajengwa karibu nao. Kwa hiyo Khalayi, msichana wa miaka kumi na miwili, aliachwa mjini Kakamega kwa dada ya baba yake, Beldina, ili amalize darasa la sita. Alimwita Senje, kama Waluhya wanavyomwita shangazi.

Senje alikuwa mpole, lakini kutwa alikuwa ameinamia vitambaa vya mezani alivyovidarizi na kuviuza sokoni. Jioni nyumba ilikuwa kimya kabisa. Khalayi aliusikia uzi ukipita kwenye kitambaa, akamkumbuka Barnaba na kelele zake.

Shuleni hali ilikuwa mbaya zaidi. Saa ya chakula watoto walikaa watano watano, kila kundi na sahani moja ya obusuma, yaani ugali, na mboga. Siku ya kwanza Khalayi aliponyoosha mkono, kijana aliyeitwa Cornelius aliivuta sahani.

"Ngoja, ngoja! Wewe unakulanga na mkono gani?"

"Huu."

"Huo ni wa kushoto! Huo haushiki obusuma ya watu. Nenda utafute sahani yako, mashoto wewe!"

Wenzake walicheka. Msichana mmoja, Jescah, hakucheka, lakini pia hakusema kitu. Khalayi alijaribu mkono wa kulia. Tonge likaanguka kwenye sketi yake, wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo alikula peke yake kando ya ukuta wa jiko, akihesabu siku za kufunga shule.

Wiki moja gari la sinema lilikuja mjini. Mchana lilizunguka sokoni na kipaza sauti: "Njooni nyote! Leo saa moja jioni, uwanjani! Sinema ya vita! Jinsi nchi moja ya mbali ilivyopigania kuzaliwa kwake! Hakuna kiingilio!" Mwalimu wao, Bwana Mukhwana, alifurahi sana.

"Sisi tumepata nchi yetu juzi tu," aliwaambia. "Nendeni mkaone wengine walivyopata yao. Kesho kila mtu ataandika maoni yake. Maoni, si hadithi. Nataka kujua wewe umeonaje."

Jioni ile uwanja ulijaa. Mabwana wa sinema walikuwa wamefunga shuka kubwa jeupe kwenye nguzo mbili. Mashine ilikuwa juu ya gari, na jenereta ikinguruma. Darasa la sita lilikaa mbele, kwenye nyasi. Khalayi aliwafuata.

"Hapa pamejaa," alisema Cornelius, akinyoosha miguu ili pajae.

Khalayi alimtazama Jescah. Jescah akainama, akaanza kung'oa majani.

Basi Khalayi alizunguka shuka, akaenda nyuma yake. Huko palikuwa na mzee mmoja aliyesinzia na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mwanga ulipowaka, alishangaa. Picha zilionekana vizuri kabisa hata upande ule! Farasi walikimbia, moshi ukapanda, na askari walipiga bunduki huku mtu wa kipaza sauti akieleza mambo kwa Kiswahili.

Kisha Khalayi akaona jambo lililomfanya asimame. Wale askari walikuwa wakilenga kwa mkono wa kushoto. Wote! Mkubwa wao alichomoa upanga kwa mkono wa kushoto. Jioni, kambini, walikula kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyevuta sahani mbele ya mwenzake.

"Ni kama mimi," alimwambia mbuzi kwa sauti ndogo.

Mwishoni vita vikaisha na bendera ikapandishwa. Upande wa mbele watu waliruka na kupiga makofi mpaka kipaza sauti hakikusikika. Kwa nyuma palikuwa kimya. Labda ndiyo sababu Khalayi alimwona mwanamke mzee pembeni mwa picha, ameshika kofia ya askari kifuani. Umati wote ulikuwa ukishangilia, yeye hakupiga makofi. Khalayi alimtazama mpaka shuka likabaki jeupe.

Kesho yake, kabla ya kengele, watoto walimzunguka Cornelius. Baba yake alikuwa karani, na Cornelius alikuwa na maoni tayari kwenye karatasi. Mmoja baada ya mwingine waliyanakili. Jescah alimsogelea Khalayi.

"Unataka? Ni mistari mitatu tu."

"Nina yangu," alisema Khalayi.

Aliandika hivi: "Sinema niliipenda. Askari wote walikuwa mashoto. Walikula kwa mkono wa kushoto, na mkubwa wao pia, na hakuna aliyewacheka. Bendera ilipopanda watu walifurahi, lakini mama mmoja mwenye kofia ya mwanawe hakupiga makofi. Nadhani nchi ilipozaliwa, yeye alibaki peke yake. Mtu angekwenda kusimama naye."

Siku ya Ijumaa Mwalimu Mukhwana aliingia na rundo la karatasi. Alisoma ya Khalayi kwa sauti. Alipofika kwenye askari mashoto, darasa lote lililipuka kwa kicheko.

"Amejitungia jeshi lake!" alipaza sauti Cornelius.

"Kimya!" Mwalimu aligeuka. "Khalayi, mimi nilikuwepo. Nilikaa mbele kabisa. Askari wale walitumia mkono wa kulia, wote. Wewe uliiona sinema, au ulisimuliwa?"

"Niliiona, Mwalimu."

"Uliiona kwa macho gani?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyevunjwa moyo, na hiyo ilimuumiza Khalayi zaidi. "Najua wenzako wanakutania. Lakini uongo haukusaidii. Jumatatu utasimama hapa useme ulidanganya. Usiposema, nitamwandikia baba yako Lugari."

Khalayi alimfikiria baba yake. Tangu baba aondoke, hakuwa amepata habari yoyote ya shule. Je, ya kwanza iwe kwamba binti yake ni mwongo?

Njiani kwenda nyumbani Jescah alimkimbilia.

"We Khalayi, sema tu ulidanganya. Ni dakika moja, imekwisha. Halafu nitamwambia Cornelius akuache, ukae na sisi."

"Kwenye sahani?"

"Kwenye sahani."

Khalayi aliongeza mwendo. Alitamani sahani ile kuliko kitu chochote. Usiku alilala akijiuliza: labda kweli sikuona? Labda nilitaka tu iwe hivyo? Ni jambo gumu kwa mtoto kubaki na ukweli ambao hata yeye mwenyewe haelewi umetoka wapi.

Jumamosi Senje alifua vitambaa vilivyokwisha, akavianika kwenye kamba. Khalayi alitumwa kuvianua. Alipita nyuma ya kamba, jua likimwangaza usoni kupitia kitambaa chembamba cheupe. Kilikuwa na birika la rangi ya buluu na maneno KARIBU CHAI. Alikifahamu vizuri. Mdomo wa birika lile huelekea mkono wa kulia. Sasa ulielekea kushoto! Na maneno hayakusomeka.

Alizunguka mbele: kulia. Akarudi nyuma: kushoto. Akaangusha kapu.

"Senje! Senje! Birika limegeuka!"

"Birika gani, mama?" Senje alitoka akiwa na sindano mdomoni. "Nalidarizi vilevile tangu mwaka jana."

"Njoo huku nyuma uone!"

Senje alizunguka, akatazama, akacheka. Kisha akaona kwamba Khalayi analia. Maneno yakamtoka mtoto yote kwa pamoja: shuka, askari, Mwalimu, Jumatatu, ukuta wa jiko.

"Kula peke yako?" aliuliza Senje polepole. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unadarizi."

Senje alikaa chini kwenye nyasi. Alimvuta Khalayi kifuani. Halafu aliondoa vibanio viwili kwenye kamba, akakikunja kile kitambaa.

"Kipeleke shule. Usibishane na mtu. Waonyeshe tu." Akafuta machozi ya mtoto kwa kiganja. "Na leo sindano zitapumzika. Utanisimulia sinema yote, tangu mwanzo."

Jumatatu Khalayi alisimama mbele ya darasa. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake, kimekunjwa.

"Sema," alisema Mwalimu Mukhwana.

"Mwalimu, sikudanganya. Lakini kuna kitu sikukiandika." Alikikunjua kitambaa. "Sikuandika kwamba nilikaa nyuma ya shuka."

Alikwenda dirishani, akakibana kitambaa pale kwenye mwanga, upande wake wa mbele ukielekea ndani ya darasa.

"Mdomo wa birika unaelekea mkono gani?"

"Kulia!" wakajibu wote.

"Mwalimu, naomba utoke nje ukatazame."

Mwalimu alitoka. Walisikia viatu vyake vikizunguka darasa. Vikasimama chini ya dirisha.

"Kushoto," sauti yake ikasema kutoka nje. Kisha tena, kama mtu anayejisemesha, "Ala! Kushoto kabisa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alirudi, akachukua rundo la karatasi mezani.

"Hapa nina maoni thelathini na moja. Yote yanasema: Sinema ilikuwa nzuri sana, askari walikuwa mashujaa, nilifurahi kupita kiasi. Masinde, ulikaa wapi ukafurahi kupita kiasi?"

Masinde, kijana mwembamba wa dawati la nyuma, alisimama akijikuna kichwa. "Nilikuwa kitandani, Mwalimu. Nilikuwa na malaria."

Darasa likaangua kicheko, na Masinde mwenyewe akacheka.

"Na wewe Cornelius? Haya ni maoni yako?"

Cornelius aliangalia viatu vyake. "Ni ya baba, Mwalimu. Yeye ndiye aliniambia niandike hivyo."

"Basi nilimwomba kila mtu macho yake, na aliyenipa ni mmoja tu. Naye ndiye niliyemwita mwongo." Mwalimu alimgeukia Khalayi. "Nisamehe, binti yangu. Nilikuhukumu kabla ya kukuuliza ulikaa wapi. Na barua ya Lugari nitaiandika, lakini itakuwa ya namna nyingine."

Jumatano gari la sinema lilirudi kutoka Mumias, likaonyesha picha ileile kwa waliokosa. Safari hii darasa zima la sita lilikaa nyuma ya shuka, na Mwalimu Mukhwana akakunja koti lake akalikalia nyasini. Askari walipolenga kwa kushoto, minong'ono ilipita: "Kweli! Tazama! Hata yule mkubwa!" Bendera ilipopanda, Mwalimu alinyoosha kidole pembeni mwa picha. Wakamwona yule mama na kofia yake. Upande wa pili watu walikuwa wakishangilia. Huku nyuma Cornelius alikuwa ameinua mikono ili apige makofi. Akaishusha taratibu.

Taa za gari zilipowashwa, Mwalimu aliwakusanya.

"Sikilizeni. Tuna nchi mpya, na kila siku mtaulizwa: umeonaje? Msiazime macho ya mtu. Semeni mlichokiona wenyewe, na mseme mlikuwa mmekaa wapi. Na mwenzako akisema ameona tofauti, usimcheke kwanza. Nenda ukakae alipokaa yeye."

Kesho yake, saa ya chakula, Khalayi alikwenda kando ya ukuta wa jiko kama kawaida. Hakuwa ameketi vizuri alipoona kivuli. Jescah alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya obusuma inayofuka mvuke, na nyuma yake Masinde na bakuli la mboga. Mbali kidogo Cornelius aliburuta miguu, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Sogea," alisema Jescah. Alikaa upande wa kulia wa Khalayi, akamega tonge. Khalayi naye akamega la kwake. Mkono mmoja ulitoka huku na mwingine kule, na viwiko vyao havikugongana hata mara moja.