Mfupa wa Mwalimu Bonaventura

Asubuhi ya Jumatatu mlango wa chumba cha eksirei, katika hospitali moja ya Kigoma mjini, ulizibwa na watu hata pa kupenya hapakuwepo. Scola, mpigaji picha wa hapo, alichungulia akiwa na aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi, juu ya gauni la kijani, akaita Bonaventura mara tatu. Aliyeinuka ni kijana mrefu wa magongo, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi. Aliomba radhi kwa kuchelewa kuitika. Alikuwa akisikiliza tu, alisema, jinsi jina lake linavyopendeza likitamkwa naye.

Scola alicheka. Alipoitazama picha, kicheko kikamkauka.

Bonaventura alikuwa mwalimu Burundi. Mwaka 2015, akikimbia machafuko kwao, alianguka kutoka kwenye lori akavunjika ugoko. Sasa mwaka na nusu ulikuwa umepita, plasta ya tatu hiyo, na mfupa haujashika. Kutoka kambi ya wakimbizi alikoishi kuja mjini kulitaka kibali, na kibali kilikuja kilipojisikia.

Simu zikaanza. Bonaventura alimtania kuwa ndiye mwanamke pekee aliyemwona mpaka mifupani. Akamwita mukunzi, yaani mpenzi kwa Kirundi, naye Scola akamwita mwalimu wangu, sauti ikimlainika bila kutaka.

Ndipo zikaja habari za daktari wa mifupa kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akijaribu tiba mpya. Huvuta uboho kwenye nyonga ya mgonjwa, akakusanya humo seli shina, zile chembe changa zinazoweza kugeuka mfupa, akazidunga penye ufa. Scola alimwandikisha Bonaventura siku ile ile.

"Utatembea, mwalimu wangu," alimwambia kwenye simu. "Utacheza muziki."

Hakumwambia kuwa ni jaribio, na kwamba daktari mwenyewe hakuwa na hakika.

Siku ilipofika, Scola alivaa kitenge kipya cha manjano akasimama getini tangu saa mbili. Bonaventura hakutokea. Simu haikupatikana. Saa nane nafasi akapewa mtu mwingine, na Scola akavua hereni zake kwa hasira, hajui amkasirikie nani.

Siku ya tatu simu ikapokelewa.

"Fomu ya ridhaa ililetwa huku nikaisoma mwenyewe," Bonaventura alisema. "Imeandikwa huenda isifanikiwe. Ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa ungekataa."

"Tangu nivuke mpaka, kila mtu ananiamulia. Nilidhani wewe hutafanya hivyo."

Akakata. Miezi mitano Scola aliandika meseji na kuzifuta.

Aliposikia daktari anarudi, aliamua kwenda kambini mwenyewe. Akagundua kuwa hata yeye, raia, hawezi kuingia bila kibali. Alirudishwa mara mbili: mara muhuri haupo, mara mwenye kutia saini kasafiri. Ya pili alilia kwenye basi njia nzima.

Mara ya tatu alimkuta Bonaventura nje ya kibanda chake, akasimulia yote kabla hajakaa. Nyonga itauma. Kidonda kinaweza kuoza. Mfupa unaweza kukataa vilevile.

"Mfupa ukikataa, utaniambia?" Bonaventura aliuliza.

"Nikiuona tu."

Akatia saini.

Miezi minne baada ya tiba, Scola alimpiga picha akaiinua kwenye mwanga. Aliitazama muda mrefu, kisha akamwonyesha kwa kidole.

"Upande wa ndani umeanza kujaa. Wa nje bado. Hutayaacha magongo mwaka huu, na sijui kama mwakani."

Bonaventura alikuwa bado juu ya meza. Ghafla akalisukuma gongo moja likaanguka kwa kishindo, wagonjwa nje wakanyamaza.

"Nimechoka, Scola," alisema. "Nilitaka kukuposa nikiwa nimesimama."

Scola aliliokota gongo.

"Basi nipose hapo hapo ulipokaa, mwalimu wangu. Mimi siolewi na ugoko."

Mdomo wa Bonaventura ukacheza, akajizuia, akashindwa. Alipomaliza kucheka macho yalikuwa yamelowa, akauliza mshenga aelekezwe kwa nani. Scola akamtajia baba yake, Mzee Anatoli wa Gungu, akamtahadharisha kuwa ni mbishi, akampa bega ashuke mezani.