Bibu Isiyofuliwa

Mimi ni fundi cherehani. Nguo chafu hainishindi. Nimepokea suruali za watu zenye mambo yasiyotajika mezani. Lakini jioni ile nikiikumbuka, mate yananijaa mdomoni.

Kitindamimba wangu, tunayemwita Kibonge, alikuwa ametimiza miaka miwili. Nyumba imejaa makorokoro yake: beseni la kuogea, chupa, vijisoksi, kitanda alichokwisha kukikataa. Mume wangu akasema, "Mke wangu, ama vitu hivi vitoke, ama nitoke mimi." Nikatangaza kwenye kundi la akina mama kwenye simu: vya bure, aje mwenye shida navyo.

Mmoja alijibu papo hapo. Ana mtoto mchanga. Kisha akaongeza: "Usifue, dada. Sabuni inamdhuru ngozi."

Mimi hufua kila kinachotoka mikononi mwangu. Ila siku hiyo kazi zilinizidi, nikafurahi kupunguziwa. Huo ndio ujinga wangu.

Alikuja jua likizama. Mwembamba, mbeleko mgongoni, mtoto amefunikwa gubigubi. Harufu ilimtangulia mlangoni... maziwa yaliyoganda, yakaoza, yakaganda tena.

"Karibu. Mtoto hajambo?"

"Anaendelea kukamilika."

Nikadhani ndivyo wanavyosema kwao.

Beseni hakuligusa. Kitanda hakukitazama. Alichakura mfuko wa nguo mpaka akapata bibu ya Kibonge, kile kitambaa cha kumfunga shingoni akila, niliyomshonea mwenyewe, imekakamaa kwa udenda na uji. Akaitia mdomoni. Akaifyonza, macho amefumba, udenda ukimchuruzika kidevuni.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Hii inatosha," alinong'ona.

Akaishusha mbeleko. Ndani hamkuwa na mtoto. Mlikuwa na fulana, soksi na kofia za watoto wengi, zimeviringishwa na kufungwa mpaka zikawa na kichwa, mikono na tumbo. Zimelowa. Funza weupe walitambaa pale yalipopaswa kuwa macho. Shingoni zilining'inia bibu tatu nne, zote rangi moja kwa uchafu. Akaifunga yangu katikati ya hizo.

Lile lidude likakohoa.

Kikohozi cha mikwaruzo. Cha Kibonge.

Nikakimbilia chumbani. Mwanangu alikuwa amekaa mkekani, kinywa wazi, machozi yanamtiririka. Analia.

Bila sauti.

Nikanyakua mkasi wangu wa kazi. Nilimkuta yule mwanamke getini, nikaingiza mkono shingoni mwa lile lidude. Utelezi... uvuguvugu... kitu kikanilamba kidole. Nikafumba macho, nikakata kamba ya bibu niliyoishika, nikavuta.

Hakunikimbiza. Alisema kwa upole tu, "Umechagua mwenyewe, dada."

Ndani, Kibonge alikuwa akilia kwa nguvu zote. Nilimkumbatia, nikamshukuru Mungu, kisha nikatapika kwenye sinki mpaka nyongo.

Mume wangu aliporudi akaziba pua. "Leo umepika soksi?" Sikuweza kucheka.

Niliichemsha ile bibu, nikaifua mara tatu. Uchafu ulipotoka, yakatokea maua mekundu.

Bibu ya Kibonge haikuwa na maua.

Nikaipeleka kwenye taa. Mimi hupiga mshono mara mbili ukingoni, kwa cherehani. Hii ilishonwa kwa mkono, uzi mmoja, mshono umepindapinda. Aliyeishona hakuwa fundi, lakini alijitahidi.

Asubuhi Kibonge akaniita kutoka kitandani. Mwanangu ana sauti nzito ya kukwaruza, tangu azaliwe tunamtania kwamba ni mzee. Sauti iliyoniita ilikuwa nyembamba, safi, kama ya kitoto cha kike.

Juzi, mama mmoja aliandika kwenye lile kundi letu: "Jamani, binti yangu hatoi sauti hata akilia, tangu nilipogawa vitu vyake kwa mwanamke fulani. Kuna aliyeiona bibu ya maua mekundu? Niliishona kwa mkono wangu."

Nilisoma. Nikasoma tena. Bibu iko kwenye droo yangu, chini ya nyuzi. Nikiirudisha, najua ni kinywa cha nani kitakachobaki wazi bila sauti.

Nimejawa na kinyaa, na safari hii si cha funza. Nanawa mikono mpaka inachubuka, lakini harufu ya yale maziwa haitoki.

Sijamjibu.

"Mama!" ananiita sasa hivi, kwa sauti ya binti wa mwenzangu.

Naitika.