Ramani Isiyo na Kuta

Kila asubuhi ya likizo, Recheli alipomaliza kuosha vyombo na kumwagilia mchicha, alifuatana na shangazi yake Advera kwenda kazini, hapo hapo mtaani kwao Chemchem. Shangazi alichora ramani za majengo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa yenye kelele, na kijana mcheshi aitwaye Humaidi, mchoraji wa mabomba na umeme.

Wiki hiyo walikuwa na ramani ya wodi ya wazazi ya kijiji kimoja upande wa Igalula. Kuta zilikuwa na faili lake, mabomba lake, umeme lake. Na kwa kuwa wakubwa wa halmashauri hawajui wanachotaka, leo mlango uwe huku, kesho uwe kule, mafaili yalizaliana mpaka yakapita thelathini. Sasa wakubwa hao hao, waliokalia kazi miezi minane, walitaka ramani iwafikie siku ile ile, kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, ujenzi usogezwe mwaka ujao, na kina mama waendelee kubanana. Shauri yao!

Shangazi na Humaidi walitoka mara moja kununua karatasi. Recheli akachungulia kompyuta. “Kuta mpya.” “Kuta mpya mwisho.” “Kuta mwisho kabisa.” Akacheka peke yake. Shuleni ndiye aliyepanga vitabu vya darasa la sita, akasifiwa. Basi akatengeneza folda tatu, akahamisha mafaili yote isipokuwa lile la ramani kuu, na kuyapa majina mapya yenye namba.

“Watafurahi hawa,” alijisemea.

Saa nne, waliporudi, Shangazi akafungua ramani kuu. Nguzo za baraza zilisimama peke yake. Kuta hakuna, mabomba hakuna, hata taa moja hakuna.

“Humaidi! Umefanya nini?”

“Mimi, dada Advera? Au nimekula kuta na maandazi?”

“Jana uliondoka wa mwisho. Kama ni utani wako huo, leo ndiyo mwisho wako hapa!”

Recheli alimwona Humaidi akianza kukusanya vitu vyake mezani. Akinyamaza, nani angejua? Lakini Humaidi angeondoka kwa kosa lisilo lake.

“Shangazi, ni mimi,” alisema. “Nimeyapanga mafaili. Nimebadilisha na majina.”

Shangazi alishusha pumzi. “Ramani kuu haibebi kuta, Reche. Inaziita kutoka kwenye mafaili yao, kwa jina na kwa mahali pake. Ukiyahamisha bila kuiambia, itayapata wapi?”

“Haya, mwalimu mkuu,” Humaidi alisema, tabasamu likirudi, “kaa hapa katikati. Faili namba moja lilikuwa lipi?”

Recheli akataja jina la zamani, Humaidi akaunganisha. Mabomba yakatokea, kisha taa. Walipofika kwenye kuta, Shangazi akasogea karibu.

“Kumbe! Siku zote ramani ilikuwa inaita ‘Kuta mpya mwisho’. Huu ni mlango wa zamani, mwembamba, kitanda cha mgonjwa hakipiti!”

Wakaweka kuta zilizo sahihi. Mafaili yaliyobaki kwenye kazi yalikuwa manane tu. Mengine yakapata folda yake ya mafaili ya zamani. Saa tano na nusu printa ilinguruma, na Humaidi akaondoka na ramani kwa pikipiki. Karani wa halmashauri akaipokea ikiwa imebaki robo saa.

“Nisamehe, Humaidi, nilikuhukumu kabla ya kuuliza,” Shangazi alimwambia kijana aliporudi. Kisha akamgeukia Recheli. “Kupanga si kosa. Tulihitaji mtu wa kutupangia. Ila kitu cha watu wengi, uliza kwanza ndipo ukiguse. Na ukishakosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Ungenyamaza, Humaidi angekosa kazi na wodi ingejengwa na mlango mbaya.”

“Sawa, Shangazi.”

“Sawa nini? Chukua karatasi, uandike jina la kila faili na mahali pake, tubandike ukutani. Humaidi naye aisome.”

“Nimeanza kutawaliwa na darasa la sita!” Humaidi akalalamika, akimsogezea kiti.